Avoka naye ajibu



Nyumba ikiibwa kwa njia ya makaratasi, tunataja watu wawili: hakimu amekula, mkubwa wa ofisi ya ardhi amekula. Inawezekana. Lakini kuna mtu wa tatu anayetoka tribinali na toga yake nyeusi mkononi, na sisi tunampisha njia: "Jambo, Metre." Huyo hatumuulizi kitu. Leo nataka tumuulize.

Wazee wanakumbuka mwaka 1992. Gavana wa Shaba alikuwa Kyungu wa Kumwanza, na ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa kwa maelfu. Walilala kwenye stesheni na watoto na magunia, wakingojea treni. Nyumba zilibaki. Nyingine ziliuzwa kwa bei ya kutupa, nyingine watu waliingia tu. Baadaye, katika miaka ya 2000, watu wa Mitwaba na Pweto nao walikimbia vita vya Mai-Mai, katika lile eneo linaloitwa pembetatu ya kifo. Kila mara watu wanapokimbia, parsele zinabaki bila mwenyewe, na parsele bila mwenyewe inaita wezi.

Mwizi wa nyumba hana haja ya panga. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema sertifika ya usajili ndiyo ushuhuda kamili wa haki juu ya parsele. Miaka 2 ikipita tangu sertifika itolewe, kuipinga ni vigumu sana. Shikeni hesabu hiyo ya miaka 2.

Tuseme mama mmoja amerudi, amekuta mtu mwingine ndani ya nyumba ya marehemu mume wake, na sertifika mpya mkononi. Anatafuta avoka. Avoka anapokea pesa, anapokea na karatasi zote za asili. Halafu kesi inaahirishwa. Leo Metre yuko Lubumbashi, kesho dosie haijakamilika, mwezi ujao anaumwa. Mama anafikiri ni uvivu, na pengine ni uvivu kweli. Lakini pengine Metre amekwisha kukutana na upande wa pili, na kila ahirisho lina bei yake. Miaka 2 ikitimia, hakuna haja tena ya kumhonga hakimu. Hakimu atasoma sheria, na mama atatoka mikono mitupu. Hakuna atakayeonekana kuwa na kosa.

Kwa hiyo nasema avoka wa namna hii anaharibu kuliko mwizi. Mwizi akivunja mlango, tunakimbilia sheria. Lakini mtu akiiba kwa kutumia sheria yenyewe, tutakimbilia wapi? Hapo ndipo vijana wanasema: tribinali ya nini, tumalize wenyewe. Na muji unaomaliza mambo wenyewe tunaujua, tuliuona mwaka 1992.

Sipigani na kazi ya avoka. Mwezi wa 10 mwaka 2004 wanajeshi waliua watu zaidi ya 70 huko Kilwa. Mwaka 2007 korti ya kijeshi Lubumbashi iliwaachilia washtakiwa kuhusu uhalifu wa vita wa Kilwa. Wanasheria na mashirika, kati yao ACIDH ya Lubumbashi, hawakuchoka. Walifika mpaka kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na Tume ikasema serikali yetu iwalipe wahanga 8 na familia zao dola milioni 2.5. Avoka mwema ni ukuta wa maskini.

Maavoka watasema: mkitufuatafuata, mnagusa uhuru wetu. Uhuru wao tunautaka. Lakini walipewa ili wamlinde mteja mbele ya wakubwa. Haukutolewa ili wajilinde mbele ya mteja.

Na sheria ya kuwauliza ipo tangu tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 1979. Batonye na baraza lake wanaweza kumuonya avoka, kumkaripia, kumsimamisha, hata kumfuta katika orodha. Sheria hiyohiyo inataka baraza lipange shauri la bure kwa wasio na uwezo. Lakini baraza liko Lubumbashi, na mama wa Panda anatafuta kwanza nauli ya karibu kilomita 120. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Baraza lije Likasi siku zinazojulikana, lipokee malalamiko. Lijibu kwa maandishi, na avoka akiadhibiwa raia waambiwe. Na pale penye wizi au karatasi za uongo, dosie iende parke, isimalizwe kati ya wenzao.

Na sisi tufanye yetu. Usimpe mtu karatasi za asili, mpe kopi. Ukilipa, omba risiti. Andika tarehe ya kila ahirisho na sababu uliyoambiwa. Hesabu miaka yako 2. Ukiona mambo hayaendi, mwandikie batonye, na ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.

Kesho ukimkuta Metre njiani, msalimie kwa heshima. Halafu muulize: dosie yangu imefika wapi?