Beseni Linapokataa Kupitisha Maji

Katika nyumba za Mengo, kama katika kota za askari, beseni la kunawia huziba pole pole. Nywele hunasana na sabuni na uchafu, hata maji yakasimama.

Kabla ya kushika chombo, yafaa kuchungua: je, maji ya bafuni na jikoni yanakwenda? Yakiwa yamesimama yote, huenda kizuizi kimo katika bomba kuu, na hiyo ni kazi ya fundi. Likiwa ni beseni peke yake, nywele na zivutwe kwa waya uliopindwa ncha. Zisipotoka, tundu la juu la beseni lizibwe kwa kitambaa kilicholowa, kisha mpira wa kuzibulia usukumwe mara kadhaa.

Ikishindikana, ndoo iwekwe chini, bomba lililopinda lifunguliwe na kusafishwa. Likisharudishwa, limiminiwe maji. Hayo yanayobaki mpindoni ndiyo yanayozuia harufu ya mtaro isiingie nyumbani.

Dawa kali za kuzibulia zataka hadhari kubwa. Zikishamiminwa, bomba lisifunguliwe wala mpira usisukumwe, maana zikiruka zaweza kupofusha macho. Wala zisichanganywe na dawa nyingine.

Takataka zitupwe jaani, zisirudishwe majini. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji machafu mengi ya Kampala hadi Ziwa Viktoria, na ziwa hilo hilo, huko Ggaba, ndilo linaloupa mji maji ya kunywa.