Nguo Njema ya Mtumba Huanzia kwa Muuzaji Mwenye Jicho

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Kwa mnunuzi wa nguo za mitumba mambo ni kinyume, kwani asiyechagua ndiye arudiye nyumbani na koroma. Nchini Rwanda biashara hii imepewa jina la kazi hiyo hiyo: nguo za mitumba huitwa caguwa, neno lililotokana na Kiswahili “chagua”. Wazambia nao huziita salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua rundo na kuchagua.

Gitega inayozungumzwa hapa ni kata ya wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali, wala si mji wa Gitega ulio makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Jirani yake ni Kimisagara, ambako soko lake limejulikana kwa caguwa kwa miaka mingi, na mwendo mfupi kutoka hapo ni Biryogo, mtaa wa Waislamu wenye mizizi mirefu ya Kiswahili. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Kwa hiyo familia itokayo Dar es Salaam, Mombasa au Goma haitakosa mtu wa kuelewana naye bei.

Kwa nini nguo zimepanda bei

Mwezi Machi 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza uingizaji wa nguo za mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vya nyumbani vipate kusimama. Rwanda ilipandisha ushuru mwaka huo huo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilipinga hatua hiyo. Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma, lakini Rwanda ilishikilia uamuzi wake, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA.

Matokeo yake kwa mfuko wa familia yaweza kuhesabika. Mtumba wa kilo 45 uliotozwa dola 9 kwa kiwango cha zamani ulitozwa dola 112.50 kwa kiwango kipya. Na kwa kuwa ushuru hupimwa kwa uzito, mzigo wake hauwi sawa kwa kila vazi. Shati la gramu 200 hubeba nusu dola tu, lakini koti la kilo moja na nusu hubeba dola 3.75 kabla muuzaji hajatia faida yake. Mama anayepanga bajeti ya mwezi atambue basi kwamba mashati, magauni mepesi na nguo za watoto ndiyo manunuzi ya nafuu zaidi, na kwamba koti zito halina budi kuwa zima kabisa ndipo listahili bei yake.

Dalili za duka jema

Bei inapopanda, kosa la kununua vibaya nalo huwa ghali. Hapo ndipo thamani ya muuzaji mwenye jicho inapoonekana. Katika soko la Gikomba, Nairobi, nguo zinazochaguliwa kwanza mtumba unapofunguliwa huitwa kamera. Duka dogo zuri, liwe Gitega au kwingineko, huishi kwa kupata nguo za namna hiyo na kuziacha nyingine zipite.

Duka la aina hiyo hutambulikana kwa urahisi. Nguo zake ni chache, zimetundikwa, zimefuliwa na kupigwa pasi. Muuzaji hapimi kwa nambari ya kwenye lebo peke yake, maana vipimo vya Ulaya na vya Marekani havilingani. Hutumia futi ya fundi cherehani. Humruhusu mnunuzi kuligeuza vazi ndani nje na kulitoa mlangoni kwenye mwanga wa jua. Zaidi ya yote, huonyesha kasoro kabla hajaulizwa. Muuzaji anayesema mwenyewe kwamba zipu ni nzito au kwamba kifungo kimebadilishwa anastahili kurudiwa mara ya pili.

Wako pia wapendao nguo za kale kwa ajili ya ushonaji wake. Hao wasome lebo kwa makini. Vazi lililoandikwa kuwa limetengenezwa Ujerumani Magharibi lilishonwa kabla ya Oktoba 1990, na la Chekoslovakia kabla ya mwaka 1993, kwani nchi hizo hazipo tena kwa majina hayo. Lakini ukale peke yake si ubora. Muuzaji asemaye “hii ni ya zamani” asipandishe bei mpaka aonyeshe mshono ulio imara.

Ukaguzi uanzie kwapani, kwenye ukosi, kwenye mikono na kati ya miguu ya suruali, maana huko ndiko nguo huchakaa kwanza. Kitambaa kikiinuliwa kwenye mwanga, palipolika huonekana kama wavu. Zipu ivutwe mara tatu. Baada ya kununua, uzi mmoja uliolegea waweza kuchomwa nyumbani kwa uangalifu: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu, sufu hunuka kama nywele zinazoungua, na poliesta huyeyuka na kuganda. Kwa njia hiyo mwenye nguo atajua joto la pasi linalofaa.

Mambo mawili yanayoihusu familia ya askari

La kwanza ni nguo za mabakamabaka. Mitumba ya ng’ambo huleta makoti na suruali zinazofanana na sare za majeshi, na kijana wa nyumbani huweza kuzipenda. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki raia haruhusiwi kuzivaa. Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Mtoto wa askari asiwe wa kwanza kukamatwa nazo.

La pili ni risiti. Ushuru ulipopanda, magendo nayo yalipata nguvu, na polisi wa Rwanda wamekuwa wakikamata mitumba inayovushwa kwa siri kutoka Kongo. Nguo yenye bei isiyoaminika, inayouzwa kwa kunong’onezana na bila risiti, huenda imepita njia hiyo. Polisi mmoja hukesha barabarani kwenye mvua akiukamata mzigo huo. Je, mkewe aununue asubuhi kwa sababu ni nafuu kwa faranga elfu mbili? Jiji la Kigali nalo limewahi kuweka faini ya faranga 10,000 kwa mchuuzi wa barabarani na kwa mnunuzi wake vilevile, nayo faini hiyo huimeza nafuu yote iliyotafutwa. Duka lenye mlango, lenye mashine ya risiti, na lenye mtu atakayekuwapo wiki ijayo ni salama zaidi hata likizidi bei kidogo.

Nguo ikifika nyumbani, ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, ianikwe juani, kisha ipigwe pasi pande zote mbili. Nguo za ndani zisinunuliwe za mtumba kamwe. Hizo zinunuliwe mpya. Na palipo na suruali ndefu mno au gauni pana, fundi cherehani wa mtaani apelekewe kazi. Kwa malipo madogo vazi lililovuka bahari litakuwa kana kwamba lilikatwa kwa ajili ya mvaaji, na fundi naye atapata riziki kutokana na nguo ambayo hakuishona yeye.