Mkulima wa Maziwa na Lugha ya Ofisi

Mkulima wa maziwa katika kaunti ya Nyandarua hakosi mipango ya serikali iliyokusudiwa kumfaa. Anachokosa ni njia ya kuifikia. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, huduma za kilimo na mifugo zimo mikononi mwa kaunti, na huko ndiko atakakomtafuta afisa wa ugani. Mbolea ya bei nafuu, hata hivyo, ni mpango wa serikali ya kitaifa, na uandikishaji wake umepitia kwa machifu. Akitaka kulisha ng'ombe katika msitu wa Aberdare, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inamtaka ajiunge na chama cha jamii cha misitu. Na ikiwa shamba lake limepakana na Ziwa Ol Bolossat, lililotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka wa 2018, kuna masharti mengine na ofisi nyingine.

Mtu aliyekwisha kukamua tangu alfajiri atazizungukaje ofisi zote hizo? Na akifika, aghalabu hukabidhiwa fomu ya Kiingereza. Hurudi nayo nyumbani akamngoja mwanawe atoke shuleni amsomee, na huenda siku ya mwisho ya kuirudisha ikapita fomu ingali mezani.

Jambo hili linasikitisha, kwa kuwa Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sisi wanaisimu nasi hatuwezi kujitoa lawamani. Tumeeneza istilahi kama "uhamilishaji", kisha tukaziacha zilale kamusini, ilhali mkulima anayetaka ng'ombe wake apandishwe kwa mbegu bora hajapata kuzisikia zikitamkwa ofisini. "Ruzuku" lina asili moja na "riziki", neno ambalo hakuna mfugaji asiyelijua. Lakini tangazo la ruzuku humfikia kwa lugha ya kigeni.

Ni watu wachache wanaojua kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika ni wajibu wa afisa kumsaidia. Hapa ndipo walimu wanapohitajika. Kila mwaka wanafunzi wetu huandika barua rasmi kwa wakurugenzi wa kubuni, zikasahihishwa na kutupwa. Kwa nini wasiandike moja ya kweli, itakayotiwa sahihi na mzazi, kuiuliza kaunti ni mipango ipi iliyopo kwa wafugaji mwaka huu, nani anastahili, na maombi hufungwa lini? Barua hiyo ipelekwe kwa mkono, nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Tangu siku hiyo, afisa husika ana siku 21 za kutoa uamuzi.