Je, Nyota Njema Huonekana Asubuhi Tu?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili niseme neno juu ya jambo ambalo wenzangu wa bweni wamelicheka muda mrefu. Wao hufuata mpira wa miguu wa Uingereza, na kila Jumatatu asubuhi wajua nani kafunga na nani kafungwa. Mimi nina daftari la kurasa 96 ambamo nimeandika majina ya vijana wanaocheza besiboli katika ligi ndogo za Marekani, vijana ambao hata huko kwao watu wengi hawajawasikia. Kwa ajili hiyo nimepewa jina la "Karani wa Pittsburgh." Jina hilo silikatai. Nataka tu kueleza karani huyu amejifunza nini, kwa kuwa naamini jambo lenyewe latuhusu sisi sote, tulio darasani pamoja na ndugu zetu waliokwisha kupita hapa.

Besiboli si mchezo mgeni kabisa katika nchi yetu ya Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walipata haki ya kwenda kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, lakini wakanyimwa viza. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilikwenda, ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo. Mwaka 2022 vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na klabu ya Los Angeles Dodgers. Kijana mwingine wa Uganda, David Matoma, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates. Niliposikia habari ya Matoma ndipo nilipoanza kuisoma habari ya klabu hiyo, na kila Jumamosi mchana, turuhusiwapo kutumia kompyuta za maktaba, nimekuwa nikinakili matokeo ya vijana wake.

Yafaa kwanza nieleze mpango wenyewe. Klabu kubwa za Marekani ni 30, na kila moja ina timu nne za ligi ndogo, basi jumla yake ni 120. Chini ya hizo ziko timu za wanaoanza kabisa, huko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Kijana wa Pirates hupanda ngazi kama sisi tupandavyo madarasa: aanza Bradenton, aenda Greensboro, kisha Altoona, kisha Indianapolis, na mwisho, kama amejaliwa, Pittsburgh penyewe. Wamarekani huziita timu hizo mashamba, nami naona jina hilo linafaa. Mkulima haendi shambani siku moja tu. Katika msimu mmoja timu ya Bradenton hucheza michezo 132, na ile ya Indianapolis 150. Huchezwa karibu kila siku ya juma isipokuwa Jumatatu, tangu mvua zetu za masika mpaka Septemba.

Sasa sikilizeni niliyoyaona katika msimu wa mwaka 2025.

Yuko kijana aitwaye Konnor Griffin, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka 19, umri wangu wa sasa. Pirates walimteua mwaka 2024, akiwa wa 9 katika uteuzi wa nchi nzima, na wakati ule walikuwapo wataalamu waliotia shaka kama ataweza kuupiga mpira sawasawa. Mwezi wa Aprili alianzia Bradenton, ngazi ya chini. Kabla msimu haujaisha alikuwa amepita Greensboro na kufika Altoona. Katika michezo 122 aliupiga mpira ukatoka nje ya uwanja mara 21, na mara 65 aliiba kituo, maana yake alikimbia kutoka kituo kimoja mpaka kingine bila kungoja mwenzake apige. Wastani wake ulikuwa mpigo mmoja safi kwa kila mara tatu alizosimama kupiga. Yapasa tuangalie hesabu hiyo vizuri. Mchezaji aliyesifiwa kuliko vijana wote wa ligi ndogo mwaka ule alishindwa mara mbili katika kila tatu! Katika besiboli hiyo ni sifa kubwa. Kwetu shuleni mtu akipata 33 katika 100 huambiwa afunge sanduku lake.

Mtu atasema, "Huyo ni nyota, na nyota njema huonekana asubuhi." Vema. Basi natoa mfano wa pili, naye ni Bubba Chandler, mrushaji. Huyu aliteuliwa mwaka 2021. Hapo mwanzo alikuwa akirusha na kupiga pia, na klabu ilimwacha ajaribu kazi zote mbili kabla hajashika ile ya kurusha. Mwaka 2025 alianza vizuri sana huko Indianapolis, hata watu wakauliza kwa nini hajapandishwa. Kisha katikati ya msimu akayumba. Mipira ilikuwa ikimponyoka, akawapa wapigaji kituo bure, na Jumamosi baada ya Jumamosi nilikuwa nikiandika habari mbaya mbele ya jina lake. Lakini hakufukuzwa. Waliendelea kumpa mpira ilipofika zamu yake. Tarehe 22 Agosti aliitwa Pittsburgh, na siku yake ya kwanza alirusha vipindi vinne pasipo kuruhusu hata mtu mmoja kufunga.

Na wa tatu ni mwana wa Afrika, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi katika klabu ya besiboli, na yeye akalelewa papo hapo. Pirates walimsajili mwaka 2008. Hakuwa mpigaji hodari. Sifa yake ilikuwa kudaka. Alikaa katika ligi ndogo miaka minane na zaidi, akipanda na kushushwa. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi kuu, na mara ya kwanza aliposimama kupiga alipiga mpigo safi. Hakudumu muda mrefu huko juu, lakini alifika, na mlango aliufungua. Kama wangemhukumu kwa msimu wake wa kwanza, au wa tatu, au hata wa sita, nani angelijua jina lake?

Ndugu zangu, hapa ndipo napaswa kuungama.

Muhula wa pili wa mwaka ule ule wa 2025, kijana mmoja wa bweni letu, aliyekuwa madarasa mawili chini yangu, alianguka katika mitihani. Muhula wa kwanza alikuwa wa 7 katika darasa lake. Muhula wa pili akawa wa 38. Orodha ilibandikwa ukutani kama desturi, na watu wakasongamana kusoma. Mimi nilikuwa mkubwa wa bweni. Niliipitisha kidole orodha ile mpaka nikalifikia jina lake, nikasema kwa sauti, "Nyota imezimika." Kila mtu akacheka. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma yetu, ameshika sahani yake ya chakula. Hakusema kitu.

Muhula wa tatu hakurudi. Baadaye tulipata habari kwamba mama yake alikuwa mgonjwa muhula wote, na kwamba Jumapili nyingi tulizodhani anatoroka alikuwa amekwenda kumtazama. Mtu wa kwao aliniambia kwamba sasa anapakia magunia ya mahindi sokoni. Kazi ya magunia ni kazi halali, siidharau. Lakini kijana yule alikuwa na kichwa cha hesabu ambacho mimi sina.

Jambo linalonichoma ni hili. Nilipofungua daftari langu kutazama niliandika nini juma lile, nilikuta maneno haya mbele ya jina la Chandler: "Amechoka. Tumngoje." Mgeni wa Indianapolis, ambaye sijapata kumwona wala sitamwona, nilimpa subira ambayo nilimnyima mtu aliyelala vitanda viwili kutoka kwangu.

Najua yapo ya kunijibu. Wa kwanza atasema kwamba klabu hizo hazina huruma. Zawangoja vijana kwa sababu zataka faida. Ni kweli. Mwaka 2021 timu zaidi ya 40 za ligi ndogo zilikatwa katika mpango huo, na vijana wengi wakaachwa. Mishahara yao nayo ilikuwa ya aibu, mpaka walipoingia katika chama cha wachezaji mwaka 2022. Ndipo mwaka 2023 mshahara wa kijana wa ngazi ya Bradenton ulipopanda kutoka dola 11,000 hadi dola 26,200 kwa mwaka. Wengi wa vijana walio katika daftari langu hawatafika Pittsburgh kamwe. Sisemi klabu ni mzazi. Nasema kwamba hata mfanyabiashara, atafutaye faida yake, ameona kuwa kumhukumu kijana kwa juma moja ni hasara. Je, sisi tulio katika shule, ambayo kazi yake ni kulea, tutashindwa kuona lile ambalo mfanyabiashara ameliona?

Wa pili atasema kwamba wale walio bora hujulikana mapema, na tusipoteze wakati kwa wengine. Huyo na asome habari za uteuzi. Mwaka 1991 klabu ya Yankees ilimteua Brien Taylor, mrushaji, wa kwanza kabisa katika nchi nzima. Aliumia bega, na hakucheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Mwaka 1988 Dodgers walimteua Mike Piazza, naye alikuwa wa 1,390. Mwaka 2016 Piazza aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Wapimaji wale walikuwa na saa, vipimo na uzoefu wa miaka mingi, na bado walikosea. Nasi twataka kumpima mtu kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani?

Wa tatu atasema kwamba subira ikizidi huzaa uvivu. Neno hilo lina ukweli. Lakini kumngoja kijana si kumwacha alale. Wakati Chandler alipoyumba, walimu wake hawakumwambia kwamba yote ni mazuri. Walimwonyesha kosa, wakamrudishia mpira. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Sisi mara nyingi twalifanya lile la kwanza tu.

Basi nashauri mambo matatu, nami nayaleta kwa heshima mbele ya walimu wetu na wenzangu.

La kwanza, orodha ikibandikwa, iandikwe na nafasi ya muhula uliotangulia, ili mtu aliyepanda kutoka 44 mpaka 31 aonekane kuwa amepanda, na aliyeshuka ghafula aulizwe kuna nini nyumbani.

La pili, ninyi mliopita hapa, ambao gazeti hili huwafikia huko mliko, mkija siku ya wageni msituletee habari za ushindi wenu tu. Tuambieni juu ya mwaka mlioanguka, na ni nani aliyewarudishia mpira.

La tatu, na hili halihitaji ruhusa ya mtu, kila mmoja wetu wa kidato cha sita amchukue mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza, asiwe yule hodari, amfuate mwaka mzima kama mimi nifuatavyo vijana wa Pittsburgh. Ajue anasoma nini, amelala vipi, ameandikiwa barua gani kutoka kwao. Asimtangaze. Amwandike tu katika daftari, na amsaidie penye kosa.

Mimi nimekwisha kuanza. Katika kurasa za mwisho za daftari langu, baada ya majina ya Altoona na Indianapolis, kuna jina la kijana mmoja wa hapa hapa, ambaye sitamtaja. Mwandiko wake hausomeki, na hesabu za sehemu zamtoa jasho. Juma lililopita alipata 4 katika 10. Juma kabla ya hilo alipata 2. Yule aliyekwenda sokoni nimemwandikia barua pia, kumwomba radhi na kumwambia kwamba vitabu vyangu ni vyake nitakapoondoka. Jibu sijapata bado, nami nitangoja, kwa maana nimejifunza kungoja.

Wazee wetu hawakusema uongo. Nyota njema huonekana asubuhi. Lakini ziko na nyingine ambazo hazionekani mpaka jioni, na mtu akiingia ndani mapema na kufunga mlango hataziona.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita