Mtetemo wa Mapanga na Wajibu wa Wanaisimu

Mwanafunzi wa fonetiki hufundishwa mapema kwamba nyuzi za sauti zikitetema hutoka sauti ghuna, na zisipotetema hutoka sauti sighuna. Mtetemo, basi, si neno geni darasani. La kusikitisha ni kwamba neno hilo huachwa humo humo, ilhali mitambo inalihitaji.

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, si mbali na Kibokoni, kituo cha Kipevu III chenye uwezo wa megawati 120 kilianza kuzalisha umeme kwa injini za dizeli mwaka 2011. Injini kubwa za aina hiyo, pamoja na za meli zinazotia nanga Kilindini, hutumia tabochaja, chombo kilichotokana na hataza ya Mswisi Alfred Büchi ya mwaka 1905. Moshi wa injini huzungusha gurudumu lenye mapanga, nalo huzungusha jingine lisukumalo hewa ndani ya silinda.

Kila panga lina kasi yake ya asili ya kutetema. Mapigo ya moshi yakilingana na kasi hiyo, mtetemo hukua, chuma huchoka na kupata ufa. Panga moja likikatika huweza kuharibu chombo kizima. Joto na mzunguko huharibu upesi vipimo vinavyobandikwa juu ya panga. Kwa hiyo wahandisi huweka vihisio kwenye ganda la nje. Panga lisilotetema hupita mbele ya kihisio kwa wakati wake. Linalotetema huwahi au huchelewa kidogo mno. Tofauti hiyo ndiyo hudhihirisha ukubwa wa mtetemo.

Maelezo hayo hayakuhitaji maneno mengi ya kukopa. Upungufu, basi, si wa Kiswahili bali wa wataalamu wake wasiofika karakana. Kijana wa Kibokoni anayejifunza ufundi, akikosa maneno ya kutofautisha mtetemo wa panga na kelele ya beringi, atamweleza nini mwenzake wa zamu inayofuata?

Sheikh Ahmed Nabhany, katika Sambo ya Kiwandeo (1979), alihifadhi kwa ushairi msamiati wa uundaji wa jahazi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina budi kuifanyia injini vivyo hivyo: kukusanya kwanza maneno ya mafundi, ndipo kuunda yanayokosekana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.