Ruzuku ya Mkulima Si Sadaka

Neno ruzuku lina ukoo mmoja na riziki. Mswahili husema Mola amemruzuku fulani mtoto, mali au siha, na aliyeruzukiwa hana budi kushukuru. Neno hilo hilo ndilo linalotumika kutaja fedha ambazo serikali hutenga ili kumpunguzia mkulima bei ya mbolea. Si ajabu, basi, kwamba mkulima naye hutarajiwa kupokea na kushukuru tu, asihoji.

Mfano mwafaka ni kaunti ya Trans Nzoia, ambayo ni miongoni mwa maghala makuu ya mahindi nchini Kenya. Mnamo Septemba 2022, serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 ikaishusha tena hadi 2,500. Mkulima huandikishwa, hupokea ujumbe kwa simu, hulipa, kisha huenda kuchukua mifuko yake. Hata hivyo, lugha inayomzunguka ni ya hisani: mkulima "amesaidiwa", mkulima "amekumbukwa". Ni nadra hotuba za majukwaani kutaja kuwa fedha hizo ni za umma, na kwamba mkulima huyo huyo huzichangia kila anunuapo sabuni au dizeli.

Madhara ya mtazamo huu yalidhihirika mwaka 2024. Mwezi wa Machi, wakati wa kupanda, ilifichuka kuwa baadhi ya mbolea iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku ilikuwa ghushi. Mwezi wa Mei, Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, lakini kamati teule ikaamua kuwa madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Katika vuta nikuvute hiyo, aghalabu mkulima alizungumziwa kama maskini aliyepewa zawadi mbovu. La hasha! Alikuwa mnunuzi aliyetoa pesa zake. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo, na haki ya kufidiwa bidhaa ikimletea hasara. Isitoshe, ibara hiyo inazihusu taasisi za umma sawa na watu binafsi.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba maneno hayaoti mahindi. Ni kweli. Lakini anayeamini kuwa amepewa sadaka huona haya kuikagua, na anayejua kuwa amenunua hudai risiti, huuliza kilichomo mfukoni, na hurudi kushtaki mahindi yakigeuka manjano shambani. Tofauti ya wawili hao huanzia katika jina walilopewa.

Dawa si kulitupa neno ruzuku, kwani ni neno letu na limekwisha kuota mizizi. Dawa ni kulifunza kuandamana na neno haki. Ibara ya 7 ya Katiba hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wasikomee kuhakiki diwani na riwaya. Waieleze Ibara ya 46 kwa Kiswahili sahili, ukurasa mmoja tu, ubandikwe katika kila ghala la mbolea kabla ya masika. Mpewa hapokonyeki, walisema wahenga. Na aliyenunua je?