Mapenzi Yanahitaji Kivuli

Mpenzi msomaji, hebu jiulize: mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kukaa pamoja nje ya nyumba, mkaongea bila kuletewa bili, ilikuwa lini? Wengi wetu jijini Dar tutakuna kichwa. Tukitaka kutoka tunakwenda baa, ambako muziki ni mkubwa mpaka mnasomana midomo. Au mgahawani, juisi mbili na chipsi kuku, hela ya umeme imekwenda! Matokeo yake mambo mazito tunayaongelea kitandani saa tano usiku, wote tumechoka na foleni. Hapo ugomvi hauko mbali.

Kumbe jibu huenda lipo mtaa wa pili. Unalijua lile eneo la wazi lenye mwarobaini mmoja, lundo la taka na gari bovu lisilo na matairi? Halikubaki wazi kwa bahati mbaya. Mitaa iliyopimwa, kama Sinza na Kijitonyama kwenye ule mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, haikupangiwa nyumba tupu. Kwenye ramani huwa kuna nafasi za shule, soko na za watu kupumzika.

Tatizo ni kwamba eneo lisilokaliwa na mtu halikosi wa kulitamani. Leo kontena, kesho gereji, keshokutwa msingi unachimbwa. Ukihoji unajibiwa, "Si palikuwa pori tu?" Na jamani, kama hakuna anayepatumia, utabisha nini?

Majirani zetu Kenya wametuonyesha njia. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimama ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Alikejeliwa na wakubwa, lakini jengo halikujengwa. Alichokuwa akikitetea ni mahali ambapo watu wa kawaida walikuwa wakipumzika.

Utasema yule alikuwa Maathai, mimi nani? Haya, twende Dandora, mtaa wa Nairobi unaojulikana zaidi kwa dampo lake. Nyumba nyingi kule zinazunguka viwanja vya pamoja, ambavyo kwa miaka vilikuwa vichafu na vya kuogopwa. Miaka ya 2010 vijana wa hapohapo wakaanza kuzoa taka, kupaka rangi na kupanda maua, kiwanja kimoja baada ya kingine. Wengine wakaosha magari ili ipatikane hela ya matunzo. Hawakusubiri mfadhili aje na utepe wa kukata.

Sasa sisi tuanzie wapi?

Kwanza, ofisi ya serikali ya mtaa. Ulizeni eneo lile limepangiwa nini, na ombeni mkutano wa mtaa ulijadili na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari. Kubadili matumizi ya eneo kuna taratibu zake za mipango miji, hakumalizwi na watu wawili kwenye soda. Karatasi hiyo itawasaidia siku kontena litakaposhushwa usiku.

Pili, pandeni miti ya kivuli: mwembe, mkungu, mwarobaini. Ile miti mirefu myembamba tunayoipanda getini inapendeza, ila haimfichi mtu jua. Pandeni Machi masika yakianza, na muwe na zamu ya kumwagilia kiangazi kikiingia. Miche mingi haifi kwa ubaya wa udongo, inakufa kwa sababu baada ya picha za uzinduzi kila mtu amerudi kwake!

Tatu, mabenchi yawe ya zege. Ya chuma yataishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Matairi ya kuchezea watoto yatoboeni chini maji yasituame, maana mbu wa dengue huzaliana humohumo na huuma mchana. Na msiweke pipa la taka kabla hamjajua nani atalimwaga.

Nne, na hili ndilo kubwa: kila nyumba itoe kidogo kwa mwezi, alipwe kijana mmoja wa kufagia na kumwagilia. Hesabu ibandikwe ubaoni kila mtu aione. Michango hufa pale watu wanapoanza kunong'ona.

Lakini hata mkifanya yote hayo, bustani isiyokaliwa itaporwa tu. Kwa hiyo kaeni! Jumapili jioni, jua likipungua, chukueni mkeka na chupa ya chai, wewe na mwenzako, simu ziacheni nyumbani. Watoto wakimbie. Mtamjua jirani ambaye mmepishana naye getini miaka mitatu bila salamu. Yale ya ada ya shule na mama mkwe mtayazungumza kwa sauti ya chini, kwa sababu watu wanapita. Ni vigumu kumfokea mtu mkiwa chini ya mti, mtoto wa jirani anawaangalia.

Ukweli ni kwamba mzee anayecheza bao pale kila siku analinda eneo kuliko ukuta wa tofali. Na wewe na mpenzi wako mnaweza kuwa walinzi hivyohivyo, kwa kukaa tu.

Haya, mkeka mnao. Tukutane mwezi ujao!